Plagi Sita za Mke Mkubwa

Sijui mwanamke mwingine aliyewahi kununua plagi za gari kwa ajili ya wivu. Wenzangu walinunua hirizi, walinunua udi, walinunua marashi na kujisugua visigino hadi vikang'aa. Mimi nilinunua plagi sita, tena zile za bei, na gari lenyewe halikuwa letu.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori la Mhindi mmoja mwenye duka kubwa Bagamoyo. Kwa jina lake hatukumwita, tulimwita tajiri, na yeye alipenda. Mwaka sikumbuki sawasawa, ila vita vya Ulaya vilikuwa vimekwisha na kanga zilikuwa zimerudi madukani. Tajiri alikuwa na ndugu yake mwenye duka Lugoba, basi lori likawa linapanda na kushuka. Likipanda limebeba chumvi, papa mkavu, mafuta ya taa na majora ya kitambaa cha marekani. Likishuka limebeba ufuta na mahindi.

Mwaka wa sita wa ndoa yetu mume wangu akaoa Lugoba. Aliniambia mwenyewe, ameshika kikombe cha chai, kwa sauti ya mtu anayekuambia amenunua jembe. Alisema sheria inamruhusu na kwamba atafanya uadilifu. Siku nne atakuwa kwangu, akilizungusha lori Bagamoyo na Dar es Salaam. Siku nne atakuwa kwa mwenzangu, akikusanya mazao vijijini kule. Mimi nilikwisha kumzalia watoto wawili na nyumba yangu ilikuwa safi, kwa hiyo hakuwa na la kusingizia, wala hakusingizia. Alisema amempenda. Nikamjibu, "Haya," nikaenda jikoni nikakuna nazi tatu wakati mchuzi ulihitaji moja.

Ninasema wazi, nilikuwa na wivu, na sikuwa na wivu mdogo. Kila aliporudi nilimnusa kanzu. Ilinukia moshi wa kuni za bara na mafuta ya ufuta. Siku moja nikaona kifungo cha shati lake kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Shati jeupe, vifungo vyeupe, uzi mwekundu! Nilijua shati lile kuliko nilivyojua uso wangu, na kifungo kile hakikuwa kimelegea alipoondoka. Nilikikata kwa kisu, nikakishona upya kwa uzi mweupe, nikavuta fundo mpaka likaniuma kidole. Safari iliyofuata shati lilirudi na vifungo viwili vya uzi mwekundu. Sijui hadi leo kama yule mwanamke alifanya kusudi au hakuwa na uzi mwingine.

Nilimwona mara moja tu, katika arusi ya shemeji yangu. Alikuwa Mkwere, mwembamba, mpole, asiyecheka kwa sauti. Alinipa mkono wa adabu kabisa. "Shikamoo, dada." Nikamwitikia marahaba. Nilimtafuta kasoro mwili mzima nisimpate nayo, nikarudi nyumbani nimekasirika zaidi kuliko kama ningemkuta mzuri wa kuringa.

Kilichonitafuna hasa kilikuwa ni zile siku nne. Kwenda, alikwenda kwa wakati. Hata mara moja sikumbuki lori kuharibika Bagamoyo. Kurudi ndiko kulikokuwa na mikasa. Siku nne zilikuwa tano, pengine sita, mara moja zilifika saba. Nami nimepika, nimejifukiza, nimevaa, nimekaa. Akifika, huteremka polepole, hukuna shingo, hushusha pumzi, kisha husema, "Plagi. Zimeziba. Nimezisafisha, zikakataa."

Na si kwamba nilikuwa mjinga wa plagi. Ilipokuwa zamu yangu, siku ya kupumzika, alitandika gunia barazani akazifungua zote sita, akazilaza juu ya gazeti. Mimi nilikaa naye nikimpa moja moja. Alizisugua kwa brashi ya waya na petroli, akakwangua masizi, akapitisha kipande cha msumeno wa chuma kwenye ule upenyo mdogo wa mbele ambamo cheche huruka. Kikiingia kwa kubana kidogo, alisema hiyo sawa. Kikipwaya, aliugonga ule ulimi kwa upole mpaka ukasogea. Alinieleza kwamba plagi nyeusi yenye mafuta ni mgonjwa, na ya rangi ya kahawia kavu ni mzima. Saa ile nilikuwa nayo peke yangu, au ndivyo nilivyodhani, kisha siku moja nikamwona ana kipande cha kanga nisichokijua, chenye petroli, anafutia mikono. Kumbe na kule kuna mtu anampa moja moja.

Basi tajiri alikuwa akinunua plagi za rahisi kabisa, na mume wangu alilalamika juu yake kila siku. Hapo ndipo nilipokwama. Kama plagi kweli zilikuwa mbovu, mtu huyu alikuwa anahangaika porini juani huku mimi namlaani bure. Kama zilikuwa nzima, basi alikuwa amekaa kwenye mkeka wa mwenzangu na siku zangu mkononi. Nilitaka kujua ni lipi. Nilitaka kujua kuliko nilivyotaka kula.

Nikaenda kwa mwalimu wangu wa chuo, aliyenifundisha Kurani utotoni. Nilimkuta anashona kofia, miwani imeshuka mpaka ncha ya pua.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumshitaki mumeo?"

"Nimekuja kuuliza, mwalimu. Mtu mwenye wake wawili, akichelewa kwa mmoja, yule mwingine siku zake zinakwenda wapi?"

Hakuinua macho. Alisema kama mume amezuiliwa na jambo lisilo la hiari yake, ugonjwa, mto kufurika, hiyo ni dharura na hana deni. Lakini kama amekaa kwa kupenda kwake, siku hizo ni haki ya mwenzake na lazima azilipe, moja kwa moja.

"Na plagi je?"

"Plagi ni nini?"

Nikamweleza. Ilichukua muda. Nilimwambia ni kidude cha chuma na kauri, kinatoa cheche, na bila cheche lori ni banda tu. Alisikiliza huku anachoma sindano.

"Kikifa kidude hicho, hiyo ni dharura," alisema. "Lakini mwanangu, kama ni kidude tu, si kinunuliwe kingine kizuri, mkapumzika nyote?"

Sidhani alikusudia kunishauri. Alitaka niondoke amalize kofia yake. Lakini mimi nilitoka pale natembea haraka, nikijisemea kwamba nitampokonya mume wangu dharura yake.

Nilikuwa na minazi kumi na miwili niliyorithi kwa mama yangu, upande wa Kaole. Nikauza nazi zikiwa bado juu, kwa bei ya mtu mwenye shida, nikafunga pesa kwenye pindo la kanga na kwenda kwenye duka la spea. Mwenyewe alikuwa Banyani mzee aliyezaliwa Bagamoyo, Kiswahili chake kilikuwa cha mjini kuliko changu.

"Karibu, mama. Leo tukupe nini?"

"Plagi."

"Plagi za nini?"

"Za kuchomekea masikio," nikamwambia. "Za lori, bwana. Sita."

Akacheka, akaniuliza lori gani, nikamtajia. Aliposikia ni la nani alinitazama sana, lakini akaleta maboksi mawili akayaweka mezani. Alisema haya ya kwanza ndiyo anayonunua tajiri. Haya ya pili hayakutoka kwa waliotengeneza lori, yalitoka kwa watu wa Ulaya ambao kazi yao ni plagi tu. Nilizishika. Zilikuwa nzito, kauri yake nyeupe pepe, na kila moja imefungwa karatasi yake. Bei yake ilikuwa zaidi ya mara mbili. Kwa sita ningepata doti nne za kanga.

"Zinastahili bei yake?" nikamuuliza.

"Mama, tutaonana kesho sokoni, kwa hiyo nitakuambia kweli. Hizi za rahisi, dereva akizisafisha kila safari, zitamfikisha. Hizi za ghali zinachoma vizuri zaidi, haziogopi mafuta, zinakaa. Lakini hazina muujiza ndani. Zinamfaa dereva mvivu, au mtu mwenye haraka."

"Mimi nina haraka."

"Kwani wewe ndiye unayeendesha?"

"Mimi ndiye ninayengoja," nikasema, nikafungua pindo.

Jioni hiyo nilimwekea mume wangu boksi juu ya sinia, pembeni ya wali. Alilifungua, akatoa moja, akaizungusha kwenye mwanga wa mlango. Nilimwambia ni zawadi, kwa kuwa nimechoka kumwona anateseka njiani. Nilisema kwa sauti tamu kabisa. Alinitazama nami nikamtazama, na naamini alielewa vizuri kwa nini nimezinunua. Lakini angesema nini? Mwanamke amekununulia plagi bora kuliko za tajiri, utakataa?

Mji mzima ulicheka. Wanawake kisimani waliniuliza kama mwezi ujao nitanunua tairi. Tajiri mwenyewe alinisimamisha dukani, akaniambia, "Bibi, umetupa pesa zako. Plagi ni plagi." Nikamjibu kwamba nimezitupa ndani ya lori lake, ashukuru.

Ningependa kusema hazikufanya kitu, lakini zilifanya. Mume wangu mwenyewe alikiri. Alisema lori linawaka kwa kuzungusha hendeli mara moja, na kile kilima cha kabla ya Msata, ambacho zamani alikipanda kwa gia ya kwanza huku utingo anatembea pembeni na gogo la kuzuia tairi, sasa anakipanda kwa gia ya pili na mzigo juu. Petroli ilipungua kuliwa. Tajiri alinyamaza, na kwa tajiri yule kunyamaza kulikuwa shukrani.

Safari ya kwanza alirudi siku ya nne, kabla ya alasiri. Ya pili, siku ya nne. Ya tatu, siku ya nne. Nilikuwa najua mlio wa lori tangu likiwa mbali, nami nilisimama mlangoni nimejitanda kanga mpya, majirani wanione. Nilimwaza yule wa Lugoba anavyolitazama vumbi, nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi, na sijui kwa nini nifiche sasa. Kilichopungua ni ile saa ya barazani tu. Alizifungua plagi mara moja, akakuta zote zina ile rangi ya kahawia kavu, akazirudisha bila hata kutandika gunia. Nilikuwa nimekwisha kuleta petroli kwenye kikombe.

Safari ya nne, siku ya nne ikapita. Ya tano ikapita. Siku ya sita mchana nikausikia mlio, mzuri, haukohoi hata kidogo. Akateremka. Nilimngoja pale pale mlangoni.

"Plagi?" nikamuuliza.

Akakuna shingo. Akaitazama boneti, akanitazama. Nadhani neno lilifika mdomoni, halafu aliona aibu kulisema mbele ya mwenye plagi.

"Hapana," akasema. "Plagi hazina neno. Nilikaa."

"Ulikaa unafanya nini?"

"Ufuta ulikuwa umeingiwa na majani. Tulikuwa tunapalilia."

Mtu huyu nilikuwa nimeishi naye miaka minane. Sikuwahi kumwona ameshika jembe. Shamba la mama yangu lilikuwa msitu, na kila nilipomwomba alinionyesha mikono yake na kusema hii ni mikono ya usukani. Sasa niliitazama. Ilikuwa na malengelenge, mawili yamepasuka. Kama angeniambia alilewa, au alikwenda ngomani, ningejua la kumtukana. Lakini kupalilia kunatukanwaje?

"Na zile siku za nyuma?" nikamuuliza baadaye, nimekwisha kulia na kunawa uso. "Zote zile za miaka miwili?"

"Zile zilikuwa plagi kweli," akasema. "Wallahi. Unazijua zilivyokuwa." Kisha akaongeza mwenyewe, bila kuulizwa, "Hizi mbili nitakulipa. Ni haki yako."

Nikamwamini. Na zaidi ya kumwamini, nilijiona nimeshinda. Siku mbili, zimetamkwa kwa ulimi wake, bila mwalimu wala mashahidi. Tena plagi zimenisafishia moyo juu ya zile za nyuma. Niliona bei ya doti nne imerudi yote.

Zamu yangu ya siku nne ikaisha, siku ya kwanza ya malipo ikaingia. Asubuhi hiyo lori lilitakiwa lipakie kwenda Lugoba. Mume wangu alikuwa barazani, mimi nilikuwa nyuma ya mlango napepeta mchele. Nikasikia hodi, nikaijua sauti ya tajiri.

"Dereva, lori halijaja kupakia. Kulikoni?"

Mlango ulikuwa wazi kidogo, nilimwona mume wangu vizuri. Alikuna shingo. Akashusha pumzi.

"Plagi, tajiri. Zimeziba. Nimezisafisha, zikakataa."

"Hizi hizi za mkeo?"

"Hizi hizi. Labda kesho, labda kesho kutwa."

"Nilimwambia," tajiri akasema. "Za ghali, bure tu. Nilimwambia anatupa pesa."

Niliwahi kusikia sauti ile mara nyingi sana, lakini nilikuwa nikiisikia kutoka mbele, nimesimama mahali aliposimama tajiri. Safari hii nilikuwa nyuma yake. Uso ulikuwa ule ule wa mtu aliyechoka na njia. Hakubabaika hata kidogo, wala hakutafuta maneno, kwa kuwa maneno yalikuwa tayari, yamezoea kutoka kwa mpangilio huo. Tajiri alimwamini kama nilivyomwamini mimi, akampa pole, akaenda zake.

Nilitaka kutoka niape mbele ya njia nzima kwamba plagi zangu ni nzima, zote sita, za rangi ya kahawia kavu, na kwamba aliyeziba ni mwingine. Sikutoka. Nikaendelea kupepeta mchele ambao ulikuwa umekwisha kuwa safi.

Mchana nilipika, maana siku ni yangu na nimeidai. Wali wa nazi, samaki changu wa kupaka, kachumbari ya embe bichi. Alikula akamaliza, akanawa, akasema, "Ahsante, umepika vizuri sana." Miaka minane alikuwa akimaliza kula anasukuma sahani na kuuliza kama ukoko umebaki. Ahsante ile ilikuwa ya mgeni. Baadaye alikaa barazani. Hakuwa na la kufungua, hakuwa na la kusugua. Mtu akipita alimwamkia kwa bidii, amzuie kidogo, kisha mtu huyo akienda alilitazama jua limefika wapi.

Alikuwa akilipa. Sikumwona na kosa lolote. Hakununa, hakunijibu vibaya, alimpakata binti yetu, alinitengenezea mguu wa kitanda uliokuwa ukicheza. Alikaa kwa uadilifu kama alivyoahidi siku ile ya kikombe cha chai. Nami nilikuwa nikipita mlangoni nimejipamba, namwona mgongo, na wivu ambao nilidhani plagi zimeumaliza ulikuwa umekaa pale pale, sasa bila hata njia mbovu ya kuusingizia.

Siku ya pili ya malipo, baada ya adhuhuri, nilimletea maji ya kunywa. Aliyapokea kwa mikono yote miwili. Nilimkuta anajitazama malengelenge, anayabonyeza kwa kidole gumba, taratibu, na uso wake ulikuwa laini kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu mwaka wetu wa kwanza.

"Nenda," nikamwambia.

"Niende wapi?"

"Ufuta usije ukazidiwa na majani. Iliyobaki nimekusamehe."

"Kweli?" akasema. Alilisema haraka mno. Mwenyewe alilisikia, akainamisha kichwa, akajaribu kulirekebisha. "Lakini tajiri je? Nitamwambia nini?"

"Mwambie plagi zimepona."

Akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri, sikatai. Mimi niligeuka nichukue gilasi, na nilipogeuka tena alikuwa amekwisha kuvaa viatu.